Jua Husafisha Maji, Lakini Si Kila Uchafu

Mama mmoja alikuja kliniki kupima mtoto uzito. Nilipomwuliza habari za maji ya kunywa alijibu kwa uhakika: "Sista, sisi tunayaanika juani kama mlivyotufundisha." Nikafurahi. Kumbe maji yenyewe huyateka kwa dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia nyanya! Alidhani jua litamaliza yote.

Kuanika maji ni jambo jema. Maji maangavu, yasiyo na tope, hutiwa katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikalazwa juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu. Huko Kajiado, Kenya, njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa kuhara kulipungua. Lakini kijidudu kina uhai, kwa hiyo kinakufa. Sumu ya shambani haina uhai wa kuuliwa. Yenyewe ni lazima ivunjwevunjwe.

Je, jua linaweza kuivunja? Linaweza, likipata msaidizi. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walieleza jinsi mwanga ukipiga titani dioksidi iliyo ndani ya maji unavyoyatenganisha maji hayo. Titani dioksidi ni ule unga mweupe unaotiwa katika rangi za kupaka nyumba. Baadaye wataalamu waliona kuwa mwanga ukiipiga punje ya unga huo, juu yake hutokea chembe kali mno zinazoishambulia sumu, mabaki ya dawa na rangi za viwandani, mpaka vibaki hewa ya ukaa, maji na chumvi kidogo. Unga wenyewe hauliki. Ni kama mafiga: ugali unaiva, mafiga yanabaki. Ndiyo maana unaitwa kichocheo.

Huko Almería, Hispania, penye mashamba mengi ya mboga chini ya mahema ya plastiki, watafiti wamepima kazi hii kwa vioo vya kukusanya jua na mirija ya glasi.

Hata hivyo, tafadhali usikwangue rangi ya ukuta ukaitia mtungini! Unga huu hutumia mionzi ambayo ni kama sehemu 5 tu kwa 100 za mwanga wa jua. Maji ya tope huuzuia mwanga. Madini kama risasi hayavunjiki yakaisha. Tena sumu iliyovunjika nusu yaweza kuwa bado na madhara, kwa hiyo maji hayo hupimwa maabara. Hiyo ni kazi ya mitambo, si ya jikoni.

Nyumbani, dumu la dawa lisichukue maji ya kunywa, hata likioshwa kwa sabuni na mchanga. Likiisha dawa, lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi katika bomba la kunyunyizia, kisha litoboe. Na mtu aliyegusa au kunywa dawa akianza kutoka jasho jingi, mate, kutapika, na mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha pini, mkimbizeni hospitali. Njooni na karatasi ya dumu. Inatuonyesha ni sumu gani.

Dumu la yule mama tulilitoboa siku ile ile. Alinung'unika kidogo, maana lilikuwa la lita 20 na halikuwa limevuja hata mara moja.