VPN ya bure: ni nani anayekulipia?

Ukiwasha VPN, kampuni ya laini yako ya simu haioni tena tovuti unazofungua. Lakini mwenye VPN anaweza kuziona. Hujaliondoa jicho linalokutazama, umelihamisha tu. Kwa hiyo jiulize: huyu mpya ni nani, na pesa anapata wapi?

Onavo Protect ilikuwa VPN ya bure ya Facebook. Iliahidi kulinda taarifa za watumiaji, huku ikizikusanya kwa faida ya kampuni. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliziamuru kampuni tanzu mbili zilizohusika kulipa dola milioni 20 za nchi hiyo.

Mwaka huohuo polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad, VPN ya kulipia, wakitafuta taarifa za wateja. Waliondoka mikono mitupu, kwani hazikuwa zimehifadhiwa.

Kabla ya kupakua, hakikisha mmiliki anajulikana na huduma imekaguliwa na watu wa nje. Ikiomba kusoma meseji au majina uliyohifadhi kwenye simu, iache. Na kumbuka: ukiingia Facebook kwa jina lako, hakuna VPN itakayokuficha.