Mlenda wa Kiangazi Ugogoni

Ugogoni, nchi ya Wagogo huko Dodoma, mvua ina msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 au 600. Ikishakatika ni vumbi na upepo mpaka Desemba nyingine. Uwele na mtama vinaweza kuwamo ghalani, lakini ugali mtupu haushuki, na jani bichi la kuchuma miezi hiyo hulipati isipokuwa una kisima na bustani. Kwa hiyo mama wa Kigogo, shamba likiwa bado kijani na matope yakiwa miguuni, hesabu zake zimeshafika Septemba.

Mboga anayoiwekea hesabu hizo ni mlenda, hasa ule wa porini ambao Wagogo huuita ilende. Hauhitaji kupandwa. Huota wenyewe katikati ya uwele, na wakati wa palizi jembe huupitia kando: magugu mengine yanang'olewa, wenyewe unaachwa. Mgeni akilitazama shamba la namna hiyo atadhani mwenyewe ni mvivu.

Uchumaji hungoja umande ukauke. Hukatwa vichomozo laini vyenye majani, kabla mmea haujakomaa na shina kuwa gumu. Hatua inayofuata ndiyo inayomtambulisha anayejua kazi. Majani hutandazwa kwa tabaka jembamba, yasilaliane; yakirundikwa yanapata joto, yanageuka meusi na kuanza kunuka uvundo kabla hayajakauka. Zamani yalianikwa juu ya mwamba au juu ya tembe, ile nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, ambako mbuzi hawafiki kirahisi. Siku hizi utayaona juu ya bati, turubai au viroba vilivyopasuliwa, na mtoto mmoja amewekwa hapo na fimbo kufukuza kuku. Hugeuzwa mara kwa mara, na wingu likitanda kila mwenye mikono anaitwa kuanua. Jani lililolowa mvua baada ya kuanza kukauka halina tena thamani. Likikauka sawasawa, ukilifikicha kiganjani linasagika lote na kikonyo kinabaki peke yake.

Kutoka hapo ni kinu na mchi, kisha chekeche. Unga unaopatikana hutiwa katika kibuyu kilichozibwa vizuri au, kwa wengi leo, ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kuupika ni kazi ya dakika chache: maji yachemke na magadi kidogo, unga unyunyizwe huku unakoroga, kisha chumvi na karanga zilizosagwa. Usifunike sufuria, maana mlenda hufurika na kuzima moto.

Watani wa Wagogo, Wahehe wakiwa mbele, hawajaacha kuucheka utelezi wake. Wacheke tu. Wazee wa Ugogo wakisimulia Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliyowakuta baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuwakomba nafaka, mifugo na nguvu kazi, ndipo unapoelewa kwa nini nyumba isiyo na mboga kavu huko huonekana haijajiandaa. Unga huo ni wa mwanamke. Yeye ndiye anayejua umebaki kiasi gani, nani agawiwe, na mtoto anayesafiri kwenda Dar es Salaam afungiwe kiasi gani kwenye mfuko. Mume anaweza kuwa na ng'ombe zizi zima na bado akala kwa hesabu ya kibuyu asichokijua kina.

Jambo moja ningependa libadilike, nalo ni kuanika kwenye jua kali. Jua la moja kwa moja huua vitamini C na kupunguza sana ile rangi ya njano iliyojificha ndani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Madini kama chuma na kalsiamu hubaki. Majani yakikaushwa kivulini penye upepo, au yakifunikwa kitambaa chepesi, hubakiwa na kijani na virutubisho vingi zaidi, ingawa yatachukua siku nyingi kidogo. Upepo Dodoma haujawahi kuwa haba.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mashamba mengi ya pembezoni mwa mji yamegeuka viwanja, na ilende haioti kwenye zege. Wengi wa mjini sasa hununua. Ukiwa mmoja wao, usinunue kwa kutazama bei tu. Omba kijiko kimoja kiganjani: unga mzuri una kijani iliyoiva na harufu ya majani makavu, hauna mchanga ukiutafuna. Ukiwa na weusi, vibonge au harufu ya ukungu, mrudishie muuzaji na usogee meza ya pili.