Flashi haionekani kwenye Linux? Tulia, usiifomati!

SAA tano usiku. Ripoti ya mradi inatakiwa kesho saa mbili asubuhi na nakala ni moja tu, iko kwenye flashi. Unaichomeka kwenye laptopu yenye Ubuntu, unangoja, wapi! Jamaa wa chumba jirani anapita: "Si uifomati tu? Itafunguka."

Usithubutu. Itafunguka kweli, lakini ikiwa tupu. Mimi niliwahi kufuata ushauri kama huo, nikajikuta naandika upya kurasa 20 hadi alfajiri. Kwanza jua shida iko wapi.

Anza na rahisi. Badilisha tundu la USB, kisha jaribu mashine nyingine. Matundu hujaa vumbi, mengine huchoka.

Bado? Fungua Terminali, andika *sudo dmesg -w*, kisha uchomeke flashi ukitazama. Hapo kerneli, yaani kiini cha Linux, inasema inachokiona. Kusipotokea mstari mpya hata mmoja, tundu au flashi yenyewe ina hitilafu. Hakuna programu itakayokusaidia hapo.

Mistari ikitokea, bonyeza Ctrl+C, kisha andika *lsblk*. Amri hii inaorodhesha diski zote. Flashi mara nyingi huitwa sdb, lakini itambue kwa ukubwa wake, usibahatishe. Ikionyesha 0B, huenda chipu ya kuhifadhi data imeharibika. Na ukiona maneno "I/O error" kwenye dmesg, acha kuichomeka na kuichomoa. Tumia ddrescue kunakili kilichobaki hadi diski nyingine, halafu utafute faili kwenye hiyo nakala.

Je, sdb1 ipo ila haifunguki? Hiyo ni afadhali. Andika *lsblk -f* uone imefomatiwa kwa mfumo gani. Ikiwa ni exFAT na Linux yako ni ya zamani, huenda haiuelewi. Kerneli ilianza kuja na exFAT katika toleo la 5.4, mwaka wa 2019. Kwenye Ubuntu 18.04, sakinisha exfat-fuse. Ikiwa ni NTFS, pengine ilichomolewa kwa pupa kwenye kompyuta ya Windows pale saiba, na Linux inakataa kuigusa. Irudishe kwenye Windows, iruhusu ikague makosa, kisha uitoe kwa utaratibu.

Mwisho, jaribu *udisksctl mount -b /dev/sdb1*, ukiweka jina la flashi yako. Ikikataa, itakuambia sababu, na ujumbe huo ndio wa kumwonyesha fundi.

Faili ikipatikana, usilale kabla hujajitumia nakala kwa barua pepe. Kufomati kunaweza kungoja hadi umalize kuwasilisha ripoti.