Anasa ya Kuchelewa: Kwa Meli Katika Mto Senegal

Safari za kifahari za mtoni zinapotajwa, wengi hufikiria Nile kati ya Luxor na Aswan, au Danube kule Ulaya. Mto Senegal hauwajii akilini. Hata hivyo mto huu wa takriban kilomita 1,800, ambao sehemu yake ya chini ni mpaka wa Senegal na Mauritania, una meli yake ya watalii, Bou el Mogdad, inayosafiri kati ya Saint-Louis na Podor katika miezi isiyo ya mvua. Kwa gari, safari hiyo ni ya saa chache. Kwa meli inachukua karibu wiki nzima. Abiria analipa fedha nyingi ili achelewe. Nashikilia kwamba kuchelewa huko ndiko kunakouzwa, na kuna thamani ya kweli. Lakini anasa ya namna hii inateteka kwa sharti moja: meli iwe mwenyeji wa mto, katika historia yake, kazi zake na mapato yake.

Bou el Mogdad inakidhi sehemu kubwa ya sharti hilo. Iliundwa Uholanzi katikati ya karne iliyopita, na haikuundwa kwa ajili ya watalii. Ilibeba barua, mizigo na abiria wa miji ya mtoni. Barabara ya lami ilipofika, malori yaliichukua kazi hiyo, na meli ikaondoka mtoni kwa miaka mingi. Mwaka 2005 wafanyabiashara wa Saint-Louis waliirejesha, na ili ipite, kipande kinachozunguka cha daraja la Faidherbe, lililofunguliwa mwaka 1897, kilifunguliwa. Meli za aina hii hazina maghorofa ya vioo wala maelfu ya abiria. Hii ina vyumba vya watu wapatao 50, na udogo huo ni muhimu, kwa kuwa kijiji kinaweza kupokea wageni 50 bila kugeuka maonyesho.

Faida ya mwendo wa polepole ni kwamba unamwonyesha msafiri jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Karibu na mdomo wa mto lipo bwawa la Diama, lililokamilika mwaka 1986 chini ya shirika la pamoja la nchi za bonde hilo, OMVS. Kabla yake, maji ya bahari yalipanda mtoni kila kiangazi na kuharibu mashamba mbali sana na pwani. Sasa maji hayana chumvi mwaka mzima, na ndiyo yanayomwagilia mashamba ya mpunga na kusaidia kilimo kikubwa cha miwa cha mji wa Richard-Toll. Lakini maji yaliyotulia, yasiyo na chumvi, yaliwafaa pia konokono wanaobeba kichocho, na ugonjwa huo ulilipuka Richard-Toll mwishoni mwa miaka ya 1980. Magugu marefu ya majini nayo yakasonga kingo na kuziba njia za wavuvi. Jirani na bwawa hilo ni hifadhi ya Djoudj, Urithi wa Dunia tangu 1981, ambako ndege wanaotoka Ulaya hupata maji ya kwanza ya kutosha baada ya kuvuka Sahara, na mwari huzaliana kwa maelfu. Anayepita barabarani huviona vitu hivi vikiwa vipande vipande. Anayepanda mto huona kwamba mpunga, kichocho, magugu na ndege wote wanategemea maji yale yale, na kwamba uamuzi mmoja kuhusu maji hayo huwagusa wote.

Pingamizi la kwanza ni zito: je, ni haki mgeni ale vizuri juu ya sitaha mbele ya mvuvi anayehangaikia kitoweo? Silipuuzi, ila naona kosa haliko katika starehe yenyewe. Liko katika starehe isiyoacha kitu. Meli inayoleta vyakula vyake kutoka ng'ambo, ikaajiri wageni watupu na kutia nanga kwa ajili ya picha tu, inastahili lawama zote. Inayonunua samaki na mchele wa bondeni, ikalipa wenye mitumbwi na waongozaji wa miji ya Dagana na Podor, na kuajiri manahodha wanaoujua mchanga unaohama chini ya maji, inatimiza msemo wetu wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Miji hii ilipoteza biashara pale barabara ilipoupa mto mgongo, na ni vigumu kutaja shughuli nyingine inayowaleta wateja hadi kwenye magati yake ya zamani.

Pingamizi la pili linahusu ukoloni. Saint-Louis iliasisiwa na Wafaransa mwaka 1659, na kupitia hapo walisafirishwa watumwa pamoja na gundi ya migunga. Ngome ya Podor ilijengwa upya mwaka 1854 kwa ajili ya kuuteka mto. Hata jina la meli ni la mkalimani mashuhuri wa utawala wa Kifaransa, Bou el Mogdad, Mwislamu msomi aliyevuka nchi kavu kutoka Saint-Louis hadi Morocco akielekea Makka mwaka 1860 na 1861. Ni kweli kwamba kuta nzuri za zamani zinaweza kupendezesha dhuluma. Lakini kuacha kuzitembelea hakuifuti dhuluma hiyo. Kunawaachia wengine kuisimulia. Anayepaswa kuieleza ni mwongozaji wa pale pale, pamoja na habari ambazo ngome hazisemi: za Waarabu na Waberberi wa ukingo wa kaskazini, za Wawolof na Wahaalpulaar, na za ghasia za mwaka 1989 zilizowafukuza maelfu ya watu kutoka pande zote mbili za mto.

Kwa hiyo anayetaka kulipia safari ya namna hii, katika mto wowote usiojulikana sana, asianze kwa kuuliza upana wa kitanda. Aulize mmiliki anaishi wapi, nahodha alijifunzia wapi mto, chakula kinanunuliwa kwa nani, taka zinamwagwa wapi, na mwongozaji analipwa na nani. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama fedha zake zinajenga bonde au zinalipitia tu. Majibu yakiwa mazuri, hana sababu ya kuona haya kwa starehe yake.