Mlima Unaoelekewa

Leo tuutazame mlima uliotupa jina la nchi yetu.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society, aliuona kutoka Ukambani akiwa mgeni wa Kivoi. Wenyeji wake walikuwa na jina lao la mlima, Kiinyaa, na kutokana na matamshi hayo tumepata Kenya. Wataalamu wa Uingereza hawakumsadiki. Theluji kwenye ikweta? Mpaka Joseph Thomson akaja kuuona mwaka 1883, na mwaka 1899 Mackinder akakifikia kilele cha Batian, chenye urefu wa meta 5,199. Watu waliokaa chini yake vizazi vingi hakuna aliyewauliza!

Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga. Wazee waliomba chini ya mugumo, nyuso zao zikiuelekea. Sisi wahubiri tulikuwa wepesi wa kusema kwamba waliabudu jiwe. Haikuwa hivyo. Wao walifundisha kwamba makao ya Ngai ni mbinguni, na mlima ni mahali pake pa kupumzikia anapoizuru dunia. Na jina hilo Ngai ndilo tunalolisoma mpaka leo katika Biblia ya Kikuyu.

Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika zamani sana. Barafu yake inakwisha: ile kubwa iitwayo Lewis imepoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi tangu 1934, kwa kuwa dunia inapata joto. Lakini maji ya Tana na Ewaso Ng'iro hayatoki hasa kwenye barafu. Hutoka katika mvua inayoshikwa na msitu, ikanywewa na udongo, ikatoka polepole. Msitu ukikatwa, maji hushuka yote kwa siku moja, kisha kiangazi mito hukauka.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza baada ya ibada, "Mchungaji, barafu ikiisha, Ngai atahamia wapi?"

Nikamweleza hayo ya mbinguni. Akacheka. "Hayo nayajua. Baba yangu hakuuomba mlima, aliuelekea tu. Nilitaka kusikia kama wewe unayajua."

Halafu akaniambia habari za mfereji wa shamba lake, ambao siku hizi hupata maji mara mbili tu kwa juma.