Kinachomfanya Mtu Awe Mwalimu: Mfano wa Mafia

Sababu za kuingia ualimu huwekwa na watafiti wa elimu katika mafungu matatu: kupenda somo na darasa, kutaka kuwafaa watoto na jamii, na kufuata mshahara na uhakika wa ajira. Kisiwani Mafia, Tanzania, mafungu hayo hukutana katika mtu mmoja, na kipi kitangulie hutegemea ni mwalimu wa aina gani.

Mwalimu wa chuoni, yaani wa Kurani, huanza na imani. Mwanafunzi aliyetangulia hupewa wadogo awasomeshe, na baadhi yao huendelea hivyo hadi ukubwani. Malipo ni ada ndogo na sadaka, kwa hiyo maalimu huishi kwa minazi, shamba au uvuvi. Anachotafuta ni thawabu, na heshima ya kijiji huja nayo.

Kwa mwalimu wa shule, mara nyingi mlango hufunguka kabla ya hamu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto asome, vijana waliomaliza darasa la saba walikusanywa kutoka vijijini, wakafundisha huku wakijifunza ualimu. Kwa wengi wao hiyo ndiyo nafasi iliyokuwapo. Leo mkopo wa elimu ya juu, ambao umewahi kuwapa kipaumbele wanafunzi wa ualimu wa sayansi na hisabati, nao huvuta vijana ambao pengine wangesomea kitu kingine. Mafia ajira za mshahara ni chache: ofisi za wilaya Kilindoni, hoteli za Utende na vibarua vya hapa na pale. Mshahara wa serikali huingia hata kusi inapovuma na vyombo kubaki pwani, na kijana aliyekulia katika nyumba ya mvuvi haambiwi mara mbili maana yake.

Hata hivyo, kilichomwingiza mtu kazini si lazima kimbakize kituoni. Serikali ndiyo inayopanga vituo, hivyo aliyezaliwa Kagera anaweza kupelekwa Jibondo, kisiwa kidogo chenye shida ya siku nyingi ya maji baridi. Atavuka bahari kutoka Nyamisati, upande wa bara, hadi Mafia, kisha avuke tena. Kwake suala ni nyumba, maji, nauli na mwenza aliyebaki bara; asipopata jibu, huomba uhamisho, hata kama anawapenda wanafunzi wake. Mwenyeji wa Baleni au Kirongwe, hapo hapo Mafia, ana sababu nyingine ya kukaa: wazazi wapo karibu, na minazi ya familia inahitaji mtu.

Kauli kwamba ualimu ni wito hutajwa zaidi pale walimu wanapodai stahiki zao, kama ilivyokuwa katika mgomo wa walimu wa 2012. Inawafaa zaidi wahitimu wanaojitolea shuleni wakisubiri ajira, ingawa nao, wengi wao, hutumaini kwamba kujitolea huko kutahesabiwa nafasi zitakapotangazwa.