Jamboni ya Noeli: nguruwe mzima, chumvi kidogo, moto wa kutosha

Desemba imefika na ku kila mkutano swali ni lilelile: nyama ya Noeli itatoka wapi? Kwa jamaa nyingi za Kivu, Tanganyika na Katanga, nguruwe ndiye benki ya nyumba. Tunamlisha mwaka mzima maganda ya viazi, majani ya viazi vitamu, pumba na machicha ya kasiksi. Mwisho wa mwaka anatoa minervali ya watoto, nguo mpya na sahani ya sikukuu.

Lakini mwezi huu ni pia mwezi wa hatari. Kila mtu anauza, kila mtu anununua, nguruwe wanatembezwa toka kijiji mpaka kijiji, na ugonjwa unatembea pamoja nao. Juu ya hiyo, safari hii tunazungumza juu ya paja la Noeli toka siku ya kununua mpaka siku ya kutupa mifupa.

Kwa nini tusiige Ulaya

Neno jamboni limetoka kwa Kifaransa, kwenye neno la mguu. Ni paja la nyuma la nguruwe lenye kutiwa chumvi. Ku Ulaya, Novemba na Desemba ni miezi ya baridi. Wakulima wa zamani walichinja wakati ule juu baridi ililinda nyama: paja zima lilikaa ndani ya chumvi majuma mengi bila kuoza. Ku milima ya Ardenne, Ubelgiji, wanalitia moshi pia, na jamboni yao inajulikana mbali.

Kwetu Desemba ni mvua, na ku mabonde ni joto. Paja zima lenye mfupa likilazwa na chumvi jikoni, linaanza kuoza ndani, kandokando ya mfupa, mbele chumvi ifike pale. Nje linaonekana zuri, ndani linanuka. Basi tusitegemee baridi yenye hatuna. Tutegemee vitu vitatu vyenye tuko navyo: nguruwe mzima asiye na ugonjwa, chumvi ya muda mfupi, na moto wa kutosha.

Bei rahisi ku Desemba: tuulize sababu

Pesti ya nguruwe ya Afrika, yenye wengi wanaita tu «pesti», iko katika nchi yetu, na wafugaji wa Kivu ya Kusini wanaijua vizuri. Haina dawa ya kuiponya. Haimgonjwishi mtu, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anaona nguruwe wa jirani wanakufa, anakimbia kuuza wake kwa bei ya chini mbele nao wafe. Mwenye kununua anafurahi. Anakula, hapati kitu. Lakini damu, maji ya kuoshea, kisu, viatu na mifupa vinapeleka ugonjwa ku banda lake, na Januari koperative nzima haina nguruwe.

Nguruwe mwenye kununuliwa awe na macho maangavu, mkia unaochezacheza, ngozi safi, na aje mbio ukimwaga chakula. Mwenye kulala tu akijibana na wenzake, mwenye homa, mwenye kuyumba, ao mwenye masikio na tumbo vyenye kugeuka rangi nyekundu ao zambarau, tusimnunue, tusimchinje, tusimhamishe. Tuite veterineri.

Tuulize pia maswali mawili. La kwanza: ku kijiji chako kuko nguruwe waliokufa mwezi huu? La pili: huyu alipigwa sindano lini? Kama alipewa antibiotiki ao dawa ya minyoo, tungoje siku zote zilizoandikwa kwenye chupa mbele ya kumchinja. Kama tunanunua mapema na kumleta nyumbani, akae peke yake majuma matatu, mbali na wengine, na ndoo yake mwenyewe.

Kutazama ulimi

Ugonjwa wa pili ni wa watu pia: tenia. Mabuu yake yanakaa ndani ya nyama ya nguruwe kama vifuko vyeupe, vidogo kama mbegu za mchele ao kupita kidogo. Mtu akikula nyama hiyo bila kuiva, tenia inakomaa ndani ya matumbo yake. Mayai yake yanatoka na choo kikubwa. Nguruwe mwenye kuzurura akikula choo hicho, anapata vifuko. Na mtu akimeza mayai hayo kwa mikono michafu ao mboga isiyooshwa, vifuko vinaweza kufika ku ubongo wake na kumletea kifafa. Watu wengi wanafikiri kifafa hicho ni ulozi, kumbe kilianzia ku choo kisichofunikwa.

Kwa kutazama: watu wawili wamshike nguruwe kwa kamba, mmoja atie kijiti kinywani, mwengine avute ulimi na kitambaa, atazame na kupapasa chini yake. Vidonge vikiwapo, nguruwe huyo si wa kuliwa. Visipokuwapo, hatujamaliza: nguruwe mwenye vifuko vichache anaweza kuwa na ulimi safi. Ndiyo maana moto ni wa lazima kwa kila nyama.

Kupima bila mizani

Koperative zenye zinanunua kwa kugawana mara nyingi zinapunjwa ku uzito. Utepe wa fundi wa nguo unatosha. Tunapima kifua, kuzunguka nyuma ya miguu ya mbele, na urefu toka katikati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia, vyote kwa metre. Tunazidisha kifua mara kifua, mara urefu, mara 69. Mfano: kifua 0.95, urefu 1.00. Tunapata karibu kilo 62. Akichinjwa, nyama na mifupa ni karibu kilo 70 kwa kila 100 za uzito wa uhai, yaani hapa karibu kilo 43. Mapaja mawili ya nyuma ni kama robo ya hiyo: kilo 5 na zaidi kila moja. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kwa kupatana bei bila ugomvi.

Siku ya kuchinja

Nguruwe akae siku moja bila chakula, lakini maji apewe. Tusimkimbize wala kumpiga: nyama ya nguruwe aliyeteseka inakuwa mbaya na haishiki chumvi vizuri. Damu itoke yote. Tuchinje jioni ao alfajiri, wakati kuko ubaridi.

Tukifungua tumbo, tutazame bandama. Ikiwa kubwa sana na nyeusi, tusimamishe kazi na tumwite veterineri, hata kama wageni wako njiani. Tukiona vifuko vyeupe ndani ya nyama, ni hivyohivyo. Matumbo yasiyoliwa na damu iliyomwagika tuzike kwenye shimo refu, pasipofikiwa na mbwa wala nguruwe.

Chumvi ya usiku mmoja

Tutoe mfupa wa paja, tukate vipande vya kilo moja moja, unene usipite vidole vinne. Kwa kila kilo, gramu 40 za chumvi, ni kama vijiko viwili vya supu, na kijiko kidogo cha sukari. Tusugue pande zote, na vitunguu saumu na pilipili manga kwa wenye kupenda. Tuweke ndani ya ndoo safi ya plastiki, tufunike, tuache pahali pa baridi usiku mmoja tu. Ku milima ya Kabare ao Lubero usiku unasaidia. Ku Uvira ao Kalemie, kwenye joto, masaa matatu yatosha, kisha tuwashe moto.

Mwenye frigo inayofanya kazi bila kukatika anaweza kufanya maji ya chumvi: gramu 100 kwa litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Vipande vya kilo mbili vinakaa ndani ya maji hayo siku tatu ao ine, ndani ya frigo.

Jamboni hii haitakuwa ya rangi ya waridi kama ya duka. Viwanda vinatumia chumvi ya nitriti kwa rangi hiyo na kwa kulinda nyama, na wanaipima kwa uangalifu sana juu kupita kiasi ni sumu. Sisi tusiijaribu. Na tuseme wazi: mbolea ya shamba yenye nitrati haitiwi ndani ya nyama hata kidogo. Jamboni ya kijivujivu, yenye kuiva, haina kosa.

Moto mara mbili

Moto wa kwanza ni wa kuchemsha. Tuoshe chumvi ya juu, tufunike nyama na maji mapya, na kitunguu na majani ya seleri. Yakichemka tupunguze moto, yaendelee polepole. Kipande cha kilo moja kinahitaji saa moja na nusu. Tukate katikati: pasiwe na wekundu, na maji yenye kutoka yawe maangavu.

Moto wa pili ni wa utamu. Tuweke vipande juu ya makala yenye kupoa kidogo, tutie matawi ya mpera ao ya avokado kwa moshi. Tusitumie mbao zenye rangi, wala msonobari wenye utomvu. Tupake asali iliyochanganywa na maji ya nanasi na pilipili, tugeuze mpaka ngozi ing'ae. Moshi wa saa moja ni wa harufu tu. Haulindi nyama wala hauui tenia, basi tusiruke moto wa kwanza.

Mezani

Jamboni hiyo inakubaliana na makemba ya kukaanga, viazi, sombe ao lengalenga, na bugali ya moto. Tuikate nyembamba, paja moja lifikie watu wengi. Iliwe siku ileile. Iliyobaki ichemshwe tena kesho yake na kumalizika. Tukumbuke pia kama kuko wanachama wenzetu, Waislamu, Waadventista na Wakimbangu, wasiokula nguruwe. Kwenye sikukuu ya koperative, wapikiwe kuku ao samaki ndani ya sufuria lao na kwa kisu chao.

Mifupa inasimulia

Mwaka 1957 pesti ilifika Ulaya kwa mara ya kwanza, karibu na Lisbon, ku Ureno. Inaelezwa kama ilitoka Angola, jirani yetu, na kwamba mabaki ya chakula cha ndege yalipewa nguruwe wa karibu na uwanja. Virusi ya pesti inaweza kuishi miezi ndani ya nyama ya chumvi ao ya moshi isiyopikwa. Basi ngozi, mifupa na maji ya kuoshea visipewe nguruwe wetu. Tuvizike. Na makombo mengine ya sikukuu yachemshwe nusu saa nzima, yakikorogwa, mbele ya kuyapeleka bandani.

Mwenye kufuata haya atakula vizuri tarehe 25, na ku Januari atasikia nguruwe wake wakilia njaa asubuhi, wazima wote. Tunawatakia Noeli njema.